Kimeng'enya cha Baharini na Maji ya Nakuru Yasiyofika Nyuzi 100

"Umeyapima hayo maji?"

Aliyeniuliza alikuwa fundi wa maabara yetu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye wanafunzi wote tulimwita Mzee. Aliuliza huku akifuta meza, bila hata kuinua macho. Ilikuwa asubuhi ya Julai, ile baridi ya Nakuru inayokufanya uone pumzi yako, nami nilikuwa nimetoka kuandika kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu, kwamba kimeng'enya changu, kile nilichokitoa kwa bakteria wa baharini, kimekaa nusu saa kwenye nyuzi 100 na bado kinakata wanga. Nilikuwa nimeteleka sufuria ya maji hadi ikatokota, nikatumbukiza tyubu, nikahesabu dakika. Maji yakitokota ni nyuzi 100. Ndivyo tulivyofundishwa tangu shule ya msingi.

"Yanatokota, Mzee," nikamjibu.

"Naona yanatokota. Nauliza kama umeyapima."

Akanipa kipimajoto. Zebaki ikapanda, ikapita 90, ikafika 94 na kusimama hapo. Nikaongeza moto. Maji yakaruka hadi nje ya sufuria, zebaki haikusogea. Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji vya kutosha, kwa hiyo yanatokota mapema. Kisumu, kando ya ziwa, kwenye mita zipatazo 1,130, yanatokota karibu na nyuzi 96. Ni Mombasa ndiko yanakofika 100. Nilikuwa nimeishi Nakuru miaka minne nikishangaa kwa nini maharagwe yanakataa kuiva, na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Nyuzi sita zinaweza kuonekana kitu kidogo. Kwa protini si kidogo. Kimeng'enya ni protini, uzi mrefu uliokunjwa kwa namna yake maalumu, na uwezo wake wote umo katika mkunjo ule. Joto linautikisa. Unavumilia, unavumilia, kisha unafumuka, na ukishafumuka na kugandana na mingine haurudi tena, kama ute wa yai uliochemshwa usivyorudi kuwa majimaji. Kati ya kuvumilia na kufumuka mara nyingi pana nyuzi chache tu. Nilichokiandika kwa kalamu nyekundu hakikuwa kweli. Nikataka kukifuta kabisa, Mzee akanizuia: piga mstari mmoja tu, mwingine aweze kusoma ulichokosea. Daftari hilo bado ninalo, na mstari ule bado unasomeka.

Bakteria wenyewe nilikuwa nimewatoa mbali. Marafiki wa Nakuru waliniuliza sana kwa nini niende hadi baharini na Ziwa Bogoria liko hapo kaskazini tu, chemchemi zinatokota na wageni wanachemshia mayai. Swali la haki. Lakini maji ya Bogoria ni ya magadi makali, na vimeng'enya vya viumbe wa kule huzoea ukali huo. Ndiyo maana vimewafaa sana wenye viwanda vya sabuni na vya kuchujisha rangi ya jinzi. Mimi nilitafuta kitu cha kufanya kazi katika majimaji ya kawaida, yasiyo magadi wala asidi kali, kwa sababu nitakayoieleza. Na ukweli mwingine ni kwamba msimamizi wangu alikuwa tayari ana vibali vya mwani wa Pwani. Vibali si jambo la kupuuza. Tangu kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za viumbe, huchukui kijidudu mahali ukaondoka nacho hivi hivi. Jamii ya pale lazima ikubali kwanza, na iandikwe faida ikipatikana itagawanywaje. Nimewahi kumsikia mtafiti akiuita utaratibu huo usumbufu. Mimi sioni hivyo. Bakteria mmoja akishatoka nchini ndani ya kichupa, hakuna wa kumrudisha.

Basi nilikwenda Kibuyuni, Kwale, ambako akina mama wanalima mwani kwenye kamba baharini, wanauvuna maji yakitoka na kuuanika. Nilimkuta mmoja akipindua mwani kwenye chanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua?"

Nikamwambia nimekuja kutafuta uliooza. Akanitazama vizuri, kisha akanipeleka nyuma ya kibanda, kwenye lundo la mabaki yaliyoachwa kwa wiki kadhaa juani. "Tia mkono ndani," akaniambia, "utaona." Nikatia, nikautoa haraka. Ndani ya lundo palikuwa na moto kama ndani ya mbolea ya ng'ombe inayoiva. Sikuhitaji kutafuta zaidi. Mahali palipo na sukari za mwani, chumvi ya bahari na joto la namna hiyo, anayeishi humo ana vyombo vya kulia chakula kikiwa moto.

Nikarudi Nakuru na vichupa vyangu. Nikatengeneza mchuzi wa kuwaoteshea wenye chumvi gramu 35 kwa lita, kadiri ya bahari yenyewe, nikawapanda kwenye sahani za aga, ule mgando wa kuoteshea bakteria, na kuziweka kwenye nyuzi 55. Siku ya tatu nikaona jambo lililonifanya nidhani nimenunua aga mbovu: makoloni mengine, yaani vishada vya bakteria, yalikuwa yamezama. Kila moja lilikaa ndani ya kishimo, kana kwamba mtu amechota aga kwa kijiko kidogo.

Mzee alicheka kwa furaha alipoziona. "Wanakula sahani," akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Aga yenyewe ni kabohaidreti ya mwani mwekundu. Iliingia maabara miaka ya 1880 kwa ushauri wa Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi na Robert Koch, mtafiti mashuhuri wa vijidudu, kule Berlin. Yeye alikuwa akiitumia jikoni kugandishia vyakula vitamu, na akaona inastahimili joto ambalo jelatini ya mifupa huyeyuka. Tangu hapo karibu kila maabara duniani huotesha bakteria juu ya aga kwa sababu bakteria wengi hawawezi kuila. Wanaoweza, wengi wao ni wa baharini. Kwao mwani ni kama nyasi kwa ng'ombe. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba hata ndani ya matumbo ya Wajapani, walao mwani vizazi na vizazi, wamo bakteria waliopokea jeni za kukata sukari za mwani kutoka kwa bakteria wa baharini. Niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Mlo wa watu umebadilisha vijidudu vilivyo ndani yao.

Walaji wa aga hawakuwa wale niliobaki nao, lakini. Kimeng'enya chao kilikufa haraka kwenye joto. Niliyembakiza alikuwa mwingine kutoka lundo lilelile, koloni jeupe lisilovutia, wa jamii ya bakteria waitwao basilasi. Nilipompanda kwenye sahani ya wanga na kumwaga ayodini juu yake, sahani nzima iligeuka buluu nyeusi isipokuwa duara pana lililomzunguka. Wanga na ayodini vikikutana hutoa buluu. Pasipo buluu, wanga umekatwa. Duara lile lilikuwa pana kuliko yote.

Baada ya kisa cha kipimajoto nilianza kusoma juu ya wale walionitangulia, na nikagundua kwamba sheria ileile iliyoniaibisha Nakuru ndiyo inayofanya bahari iwe mahali pa ajabu. Huku juu hewa ni nyepesi na maji yanatokota kwenye 94. Chini ya bahari, kwenye kina cha maelfu ya mita, uzito wa maji yaliyo juu unakandamiza kiasi kwamba maji yanayotoka kwenye nyufa za miamba hupita nyuzi 350 bila kutokota. Chemchemi za maji moto za kina kirefu baharini zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos. Hakuna kiumbe anayeishi katika 350, lakini pembeni, maji ya moto yanapochanganyika na ya baridi, wapo. Anayeshikilia kikomo cha juu kinachojulikana ni kijidudu kilichotoka kwenye chemchemi za chini ya Bahari ya Hindi yetu. Mwaka 2008 kilionyeshwa kuzaana kwenye nyuzi 122. Si lazima kina kirefu, pia. Mwaka 1986 Karl Stetter na wenzake walimtangaza bakteria Thermotoga maritima, kutoka kwenye mchanga wa moto wa bahari huko Vulcano, Italia. Anapenda nyuzi 80, na jeni zake ziliposomwa zote mwaka 1999, sehemu kubwa isiyo ya kawaida ilikuwa ya kukata na kubeba sukari: wanga, selulosi, zailani. Miaka miwili baada ya Thermotoga, Iceland wakamtoa Rhodothermus marinus kwenye chemchemi za chini ya bahari, anayependa nyuzi 65 na chumvi.

Mbele ya hao, basilasi wangu wa lundo la mwani ni mtu wa kawaida. Ilinichukua muda kukubali. Nilitaka sana awe wa ajabu, na nadhani kutaka huko ndiko kulikonitia kwenye makosa mengine mawili, ambayo nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu nimeona wanafunzi wengi wakiyarudia.

La kwanza lilikuwa la maji kupotea. Nilikiweka kimeng'enya kwenye beseni la maji moto la nyuzi 70, nikawa nachota kidogo kila baada ya dakika 20 na kupima kiasi gani cha wanga kinakatwa. Saa ya kwanza nguvu ilishuka kidogo. Saa ya pili ikaanza kupanda. Nilifurahi mno. Nikawaza labda joto linakiamsha, nikaanza hata kuandika sura ya tasnifu yenye maelezo ya kuamshwa huko. Msimamizi akaisoma, akaniuliza tyubu zilikuwa na kiasi gani cha majimaji mwanzoni na mwishoni. Sikuwa nimeangalia. Nikarudia, nikaangalia: karibu theluthi ya maji ilikuwa imepanda na kukaa kama matone chini ya kifuniko. Kimeng'enya kilikuwa kinakufa, lakini kilichobaki kilikuwa ndani ya maji machache, kwa hiyo kila tone nililochota lilibeba zaidi. Tangu siku hiyo nafunika kwa tabaka jembamba la mafuta ya parafini, na natikisa matone yote yarudi chini kabla ya kuchota.

La pili lilikuwa baya zaidi, maana lilidumu miezi mitatu. Kipimo nilichotumia ni kile alichokieleza Miller mwaka 1959, maarufu kwa jina la DNS: dawa ya manjano unayoichanganya na sampuli na kuichemsha, na sukari iliyokatwa kutoka kwenye wanga huigeuza kuwa kahawia yenye wekundu. Rangi ikikolea, sukari ni nyingi. Unaisoma kwa mashine kwenye mwanga wa nanomita 540, basi. Tyubu zangu zilikolea vizuri kila siku. Zilikolea hata nilipokiweka kimeng'enya saa nzima kwenye maji yanayotokota. Niliamini nimepata kitu.

Siku moja wanga uliisha, nami kwa uvivu nikaendesha tyubu chache bila wanga wowote, nikitarajia zibaki manjano ili niendelee kesho. Zikageuka kahawia. Nikazitazama kama mtu aliyeona mgeni ndani ya nyumba iliyofungwa. Hakuna wanga wa kukata, sukari imetoka wapi? Ilitoka kwenye mchuzi wangu mwenyewe. Kimeng'enya changu kilikuwa bado ni maji ya kuoteshea yaliyochujwa tu, na bakteria walipokuwa wakikua walikuwa wamekwisha kukata wanga wote wa mchuzi na kuacha sukari ikielea. Miezi mitatu nilikuwa napima mabaki ya chakula chao.

Ilibidi kuanza upya. Nikakitia kimeng'enya kwenye mfuko wa utando, nikautumbukiza ndani ya maji baridi ya chumvi usiku kucha, sukari ndogondogo zipenye nje na protini ibaki ndani. Kila kipimo kikawa na ndugu zake watatu: kimoja bila wanga, kimoja bila kimeng'enya, kimoja chenye kimeng'enya kilichouawa mapema kwa kuchemshwa sana. Na sukari ya kulinganishia nikaichemsha katika sufuria ileile, kwa dakika zilezile, kwa sababu rangi ya DNS yenyewe inaiva polepole katika nyuzi 94 kuliko ilivyoandikwa kwenye vitabu vya watu wa usawa wa bahari.

Baada ya usafi huo wote, picha ikawa hii. Kimeng'enya changu kilikata wanga kwa kasi kubwa kabisa kwenye nyuzi 75. Hapo ningeweza kuandika "kinapenda 75" na kwenda nyumbani, na nimeona watu wakiandika hivyo. Lakini kasi hiyo ilikuwa ya dakika kumi. Nilipokiacha kwenye 75 bila wanga, nusu ya nguvu ilikuwa imekwenda kabla ya dakika 30. Ukihesabu, baada ya saa mbili haibaki hata moja ya kumi na sita. Kwenye 65 kilikaa asubuhi nzima. Kwa hiyo kukimbia kwenye joto na kuishi kwenye joto ni mambo mawili, na ripoti isiyotaja dakika haijasema chochote. Nilivunjika moyo. Vimeng'enya vinavyouzwa kwa viwanda vya kuyeyusha wanga, vinavyotokana na Bacillus licheniformis, huingizwa kwenye uji wa wanga wenye nyuzi zaidi ya 100 kwa dakika chache chini ya shinikizo, kisha vikafanya kazi kwenye 95 saa moja au mbili. Changu kingekufa mlangoni.

Mwezi huo nilikwenda nyumbani, Kakamega, kumwona nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tunamwita Kukhu. Alikuwa anampikia kitukuu chake uji wa wimbi. Nimeuona upishi huo maisha yangu yote, lakini safari hii nilikaa chini kwenye kigoda na kuutazama.

Aliupika mzito kabisa, mwiko unasimama. Akautoa motoni. Akasubiri. Akachovya ncha ya kidole, akaitoa, akasubiri tena, akachovya. Kisha akatia kijiko kimoja cha kimea, wimbi uliolowekwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Akakoroga. Uji ule mzito ulilegea mbele ya macho yangu, dakika chache tu, ukawa wa kumiminika bila kuongezwa maji hata tone. Ndiyo maana anafanya hivyo: mtoto mdogo hawezi kumeza uji mzito, na uji mwepesi wa kuongeza maji haumshibishi. Kwa kimea, unga ni uleule wote, ila wanga wake umekatwakatwa.

"Kukhu, mbona huweki kimea ukiwa motoni?"

"Kinaungua, mjukuu wangu. Ukikitia uji ukitokota hautalegea hata ukoroge mpaka jioni."

Hilo nililijua kwa lugha ya maabara. Lakini akaendelea, na lililofuata sikuwa nimewahi kulitilia maanani. Alirudisha sufuria motoni, akaacha uji uchemke mara moja, ndipo akautoa.

"Na sasa unaurudisha kwa nini?"

"Kimea kilale. Nisipokilaza kitaendelea kula. Ukirudi mchana utakuta maji matupu, na si uji tena."

Nilibeba neno hilo, kilale, bila kujua nitalitumia wapi.

Sasa ile sababu niliyosema nitaieleza. Sisi ni watu wa miwa. Baba ana shamba dogo, na nimekua nikiona trekta zimepanga foleni nje ya kiwanda, miwa imekatwa siku tatu zilizopita na bado iko juani. Miwa ikichelewa, bakteria aina ya Leuconostoc huigeuza sehemu ya sukari yake kuwa dekstrani, ute mzito wa kunata. Na miwa yenyewe, hasa michanga na majani yake, hubeba wanga. Juisi ikipashwa moto kiwandani wanga huo hulegea na kuwa gundi. Juisi inakuwa nzito, chembe za sukari zinachelewa kujenga, sukari inatoka na ukungu. Viwanda hutia kimeng'enya cha kukata wanga kwenye matangi ya kuvukizia maji, mahali ambapo joto limeshuka kufikia 70 hivi au juu kidogo. Hununuliwa kwa mitungi kutoka nje. Ndoto yangu tangu mwanzo ilikuwa mtungi huo ujazwe huku.

Nilipata nafasi ya wiki kadhaa katika maabara ya kiwanda kimoja cha ukanda wa miwa. Mkemia wa pale, mama mmoja makini sana tuliyemwita Madam, alinisikiliza nikimweleza kwa huzuni kwamba kimeng'enya changu hakidumu. Nilidhani atanionea huruma.

"Hakidumu kwa muda gani?" akauliza.

Nikamwambia: kwenye 75, nusu inakwenda kabla ya dakika 30.

"Na wewe unaona hiyo ni kasoro?"

Akanieleza jambo ambalo katika makaratasi yote niliyosoma sikuwa nimelipa uzito. Kimeng'enya kigumu kupita kiasi hakifi ndani ya matangi. Kinapita na juisi, kinaingia kwenye sukari, kinakauka humo kikiwa hai. Kisha sukari hiyo inanunuliwa na mtu anayetengeneza chakula chenye wanga ndani yake, tuseme mchuzi wa kopo au krimu ya kujazia keki, na baada ya siku chache chakula kimelegea kuwa maji kwenye rafu. Wanunuzi wakubwa wa sukari wameshalalamikia jambo hilo. Kwa hiyo mtengenezaji wa sukari hatafuti kimeng'enya kisichokufa. Anatafuta cha kufanya kazi saa moja na kufa.

Kilale, nikasema kwa sauti. Ilibidi nimweleze habari ya Kukhu.

Tukafanya majaribio kwa juisi halisi. Jambo moja lilinishangaza. Kimeng'enya kilidumu ndani ya juisi kuliko ndani ya maji safi ya maabara yangu. Madam hakushangaa: juisi ilikuwa imetiwa chokaa, kama inavyotiwa kila siku kuondoa asidi na uchafu, na chokaa ina kalisiamu. Vimeng'enya vingi vya kukata wanga hushikilia kalisiamu katikati ya mkunjo wao kama kifungo cha koti, na kisipokuwepo koti linafunguka haraka. Sukari nyingi ya juisi nayo husaidia kuushikilia mkunjo. Mimi Nakuru nilikuwa nimekipima kikiwa uchi.

Nikabeba lita chache za juisi iliyogandishwa kwenye boksi la barafu hadi Nakuru, nikamwita Mzee aje aone. Nikaipasha hadi 70, kipimajoto ndani, nikatia kimeng'enya, nikafunika. Baada ya saa moja nikachota, nikaizimua kwa maji, nikadondosha ayodini. Tone likabaki na manjano yake ya kahawia. Wanga hakuna. Tyubu ya pembeni, isiyotiwa kimeng'enya, ilikuwa buluu.

"Hiyo ni nusu," Mzee akasema.

Nikajua anachotaka. Nikaiweka juisi ileile kwenye sufuria inayotokota. Nikapima maji: 94. Nikaandika 94. Nikaiacha humo dakika 20, nikaipoza, nikatia kijiko cha uji mwepesi wa wanga mpya, nikairudisha kwenye 65, mahali ambapo kimeng'enya kilicho hai kingekula vizuri kabisa. Tukanywa chai. Tulikaa saa nzima na nusu, Mzee akinisimulia juu ya wanafunzi wa zamani, mimi nikimsikia nusunusu.

Kisha nikachota, nikadondosha ayodini kwenye kigae cheupe.

Buluu.